Kigoda cha Njano

Tolliver haikuwa stesheni ya kuitwa stesheni. Ilikuwa ubao wa jina, jukwaa refu la lami kando ya reli, taa nne, na kibanda cha matofali chenye kufuli mlangoni. Zamani ndani ya kile kibanda kulikuwa na mama wa kukata tiketi, na hita, na mabenchi mawili. Wakubwa wa reli wakamwondoa yule mama, wakaleta mashine. Kisha wakaona hakuna haja ya kupasha moto chumba kisicho na mfanyakazi, wakakifunga. Mashine ikawekwa nje, na sisi tukabaki nje na mashine.

Iko ng'ambo ya mji wa Beltsville, Maryland, huku Marekani, pale mashamba ya serikali ya kuchunguza mazao na mifugo yanapoishia, kwa hiyo ukingoja treni unatazamana na ng'ombe. Kwenye nguzo walibandika sheria yao: treni haitasimama Tolliver mpaka dereva aone mtu amesimama kwenye mstari wa njano. Ukiwa umekaa, huonekani. Ukiwa umeinama kufunga kamba za viatu, pole yako.

Mke wangu Adela alipanda treni hapo miaka sita, ile ya saa moja na dakika thelathini na nane asubuhi. Alikuwa akimtunza bibi mmoja Mzungu mjini, asiyeweza kujigeuza kitandani. Adela mwenyewe magoti yalikuwa yamekwisha kwa kuinua watu wa wenyewe. Jukwaa la Tolliver liko chini na ngazi ya treni iko juu, kwa hiyo kondakta alikuwa akishuka kwanza, anaweka chini kigoda cha chuma kilichopakwa rangi ya njano, halafu anampa mkono. Kondakta huyo ni Mmarekani mweusi, mrefu, ndevu zimejaa mvi. Adela alimwambia "Asante, baba" kila siku ya Mungu, bila kutafsiri, mpaka mwenyewe akaulizauliza akajua la kujibu. Akawa anasema, "Karibu, mama." Adela alinisimulia akicheka kwamba yule mzee analitamka kama mtu mwenye kiazi moto mdomoni.

Mwezi wa pili wa mwaka huu wa 2006, asubuhi moja ya barafu, treni ya Adela ilifutwa. Wakubwa walijua imefutwa. Waliosimama Tolliver hawakujua, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kimekufa tangu Krismasi, na barua ya kulalamika tuliandika, tena Adela ndiye aliyeiandika. Wenye magari wakakata tamaa wakaenda zao. Yeye akabaki. Presha ikampanda, akaanguka nyuma ya mashine ya tiketi. Treni ya pili ikapita saa mbili na nusu, dereva hakuona mtu aliyesimama, akapita. Ya tatu ikapita saa tatu na robo vilevile. Mimi niliishia darasa la sita, lakini kuhesabu treni mbili naweza.

Aliyemkuta ni Macaire, Mkongo wa Langley Park, aliyeajiriwa kufagia vituo na kumwaga chumvi kwenye barafu. Alimfunika kwa koti lake, akakaa naye kwenye lami mpaka gari la wagonjwa likafika. Tulikuwa hatujuani. Tangu siku hiyo ananiita Papa Kageha, kwa jina la binti yangu, na mimi namwita ndugu.

Mambo ya mazishi yakaenda mbio kama kawaida yetu huku. Kamati ikakaa kwa Waringa, Mkikuyu mmoja ambaye bila yeye Wakenya wa upande huu wa Maryland tungezikwa kwenye theluji. Hospitali, karatasi, nyumba ya maiti, ndege. Siku ya tisa Adela aliondoka kama mzigo, peke yake. Kageha, ana miaka kumi na saba, alizaliwa hapahapa na ana haki ya kwenda na kurudi, lakini pasipoti yake ilikwama kwenye dawati la mtu fulani ikatoka mwezi mzima baadaye. Mimi sina haki hiyo. Nililetwa huku mwaka wa themanini na nane kumpikia mkubwa mmoja wa serikali yetu. Muda wake ulipokwisha alipanda ndege na familia yake na mbwa wake, mimi akaniachia funguo za nyumba nimpe mwenye nyumba. Nikitoka nchi hii bila karatasi nafungiwa mlango miaka kumi. Basi nilisimama uwanja wa ndege wa Dulles nyuma ya kioo, nikaangalia lori dogo likivuta makontena, sijui hata lipi lilikuwa lake.

Mwezi wa tisa wakubwa wa reli wakaita mkutano kwenye maktaba ya Beltsville. Walitaka kufunga Tolliver. Nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga kifuani kama mawe. Tulikuwa watu kama kumi na watano. Kijana mwenye tai akawasha picha ukutani, akaonyesha kwamba abiria wanaopanda pale siku hizi ni watatu au wanne, nao wanapanda treni ya kwanza. Halafu mwenzake, mama mmoja aliyevaa vizuri, akaongeza jambo kwa kicheko kidogo cha kuomba radhi. Alisema kuna kero nyingine ya uendeshaji: treni ya saa moja na dakika thelathini na nane husimama Tolliver kila asubuhi na hakuna anayepanda. Wamewahoji madereva. Madereva ni watatu, wanapokezana, na kila mmoja amesema aliona mtu kwenye mstari. Ilianza wiki ya pili ya mwezi wa tatu.

Watu wakacheka. Mmoja akauliza kama madereva wanapimwa pombe.

Adela tulimzika wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu. Maana yangu ni kwamba walimzika, mimi nilisikiliza kwa simu. Nilikaa chini na mawe yangu yote kifuani. Macaire alikuwa kando yangu, na hakuwa anacheka.

"Papa Kageha," akasema polepole, "miye niliogopa kukuambia weye. Ile treni inasimamaka kila siku. Niko naiona na macho yangu."

Nikamuuliza kwa nini amenyamaza miezi sita. Akasema mtu akikuambia mke wako aliyekufa anapanda treni, utampiga au utamwamini, na yeye hakujua lipi ni baya zaidi.

Asubuhi yake tukaenda wote wawili. Hatukukanyaga jukwaa. Tulisimama nje ya uzio, nyuma ya kile kibanda, mahali dereva hawezi kutuona hata akitaka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya malisho, ng'ombe wanaonekana vichwa tu. Jukwaani hakukuwa na mtu. Nilitazama kila pembe, hakukuwa na mtu.

Treni ikalia mbali. Ikaja, ikapunguza mwendo, ikasimama taratibu, behewa la pili likiwa mbele ya mashine ya tiketi, pale alipopenda kupanda. Mlango ukafunguka. Yule kondakta mrefu akashuka, akaweka kigoda cha njano, akakisogeza kwa mguu kikae sawa. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia kwenye hewa tupu.

Nilidhani ni mazoea ya mzee. Lakini vidole vyake vikafunga, kama mtu aliyepokea kitu. Na bega likashuka. Mtu yeyote aliyewahi kumsaidia mama mnene kupanda ngazi anajua bega hushuka vipi, uzito unapokuja wote mara moja na wewe unajikaza usionekane unahema. Akangoja. Midomo yake ikatikisika. Sikusikia, lakini nilijua ni maneno mawili. Akainua kigoda, akapanda, mlango ukafungwa.

Macaire alikuwa amefanya ishara ya msalaba mpaka amepoteza hesabu. Mimi nilikuwa nimeshika waya wa uzio, na kilichonijia wala si hofu kwanza, ilikuwa hasira. Nilisema, hata kufa hakukumpa likizo. Bado anakwenda shifti.

Jumamosi nikanunua kadi ya simu nikampigia Senge Mmbone, dada yake marehemu baba, anayekaa na boma letu kule Vihiga. Ana miaka themanini na kitu, na ulimi wake haujazeeka. Nikamweleza yote nikitegemea anikemee kwamba nasema maneno ya kishetani, maana sisi ni watu wa kanisa. Hakunikemea kwa hilo.

"Mlitutumia sanduku," akasema. "Tumezika sanduku."

Nikamwambia maiti ilikuwa ndani, waliifungua, waliiona.

"Niliiona. Wewe ndiye huoni. Tangu tumzike, Tobiasi, hakuna aliyemwota. Si mimi, si mama yake, si watoto aliowalea. Mtu akifika nyumbani huotwa. Adela hajafika."

Akanikumbusha jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu utoto na nikaliacha huku kama watu wanavyoacha mwavuli kwenye basi. Kwetu mtu akifia mbali hatumwi kama kifurushi. Anayemhusu huenda mahali hasa alipoangukia, akamwita kwa jina lake, akampa nafasi ya kukaa, na njia nzima akamwambia: huu ni mto, tunavuka, hapa ni njia panda, tunashika kushoto. Wazee waliwaleta hivyo hata vijana waliokufa viwandani Nairobi. Sisi na kamati yetu tulikumbuka maua, tulikumbuka picha kubwa, tulikumbuka chakula cha watu mia mbili. Hakuna hata mmoja aliyekwenda Tolliver kumwita.

"Ni wewe wa kwenda," Senge akasema. "Usitume mtu. Na njiani usimdanganye. Ukimwambia uongo mmoja atarudi pale ulipomtoa, na mara ya pili hasikii." Nikasikia kuku wake. Kisha akauliza: "Neno lako la mwisho kwake lilikuwa lipi?"

Nikamwambia laini imeanza kukatika. Haikuwa imeanza kukatika.

Tolliver ingefungwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi. Baada ya hapo wangeng'oa ubao na mashine, na treni zote zingepita bila kupunguza mwendo, awepo mtu au asiwepo. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nilimwona amesimama pale kwenye mstari wao, na treni zinampita usoni moja baada ya nyingine, kama ile asubuhi, mpaka lini? Na kumpeleka nyumbani ni mimi kutoka na nisirudi, na Kageha ndiyo kwanza anaanza chuo cha unesi.

Nilimweleza jikoni. Kageha anasikia Kiswahili chote, lakini hujibu Kizungu. Alisema hakuna mtu pale. Alisema madereva wanakosea, mimi silali vizuri, Macaire anaona mambo kwa sababu ya aliyoyaona kwao. Alisema amempoteza mama mwezi wa pili na sasa baba yake anataka kumwacha kwa ajili ya treni. Mimi sikumjibu kwa kelele. Nilimwambia aende Jumatatu akatazame mwenyewe, kisha aniambie nibaki, nami nitabaki.

Akaenda. Aliporudi alikaa kwenye kochi na koti lake mwilini mpaka saa sita. Halafu akaniuliza, kwa Kiswahili, ambacho sikuwa nimekisikia kinywani mwake tangu akiwa na miaka saba:

"Ukimwita, atakuja?"

Nikamwambia sijui. Waringa akakubali Kageha akae kwake. Nikakata tiketi ya ndege ya viti viwili vya kukaa pamoja. Nilimwambia yule wa simu nina mgongo mbaya, nahitaji kujinyoosha. Huo uongo nilimwambia yeye, si Adela.

Ijumaa Kageha alinipeleka kwa gari. Hakutaka kushuka. Alikaa ndani na injini inaunguruma, mikono kwenye usukani, akitazama mbele kama mtu anayeendesha. Nilikuwa nimevaa suti yangu moja. Sikubeba begi la maana, maana mkono mmoja nilitaka uwe mtupu.

Ilikuwa asubuhi ya upepo. Miti ya ng'ambo ilikuwa inamwaga majani, na yalikuwa yakitambaa jukwaani kwa makundi, mekundu na ya manjano, yakikwaruza lami. Nikasimama nyuma ya mashine ya tiketi, pale Macaire aliponionyesha. Nikamwita. Jina lake la ubatizo, la nyumbani, la mama yake na la ukoo wao. Nikamwambia ni mimi, Tobias, nimekuja tuondoke, leo ndiyo mwisho wa hapa. Tutapanda treni, halafu basi, halafu ndege mbili.

Hakuna kitu. Nikaona haya, mzee mzima na suti anaongea na mashine.

Ndipo nilipoyaangalia majani. Upepo uliyasukuma yote upande mmoja, kuelekea mjini, na yote yalipofika kwenye mstari wa njano, hatua nne kutoka nilipokuwa, yaligawanyika. Yalipita kushoto na kulia, kisha yakakutana tena mbele, kama maji ya mto yanavyofanya kwenye jiwe. Katikati palibaki mahali pakavu, safi, pa upana wa mtu mmoja.

Alikuwa ananisikia basi, muda wote, wala hakugeuka.

Kule mbali treni ikalia kwenye kivuko cha barabara. Nilijua kwa nini hageuki. Nilijua tangu Senge aliponiuliza lile swali, tena tangu ile asubuhi yenyewe. Nimewalaumu wakubwa miezi minane, na sijawaondolea hata neno moja. Lakini nikasema.

"Adela. Ulinipigia simu saa mbili kasoro kumi. Ukasema treni haiji, ukasema kichwa kinakugonga, nije nikuchukue. Gari lilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimetoka lindo la usiku, nimeshavua viatu. Nikakwambia usiondoke hapo, ngoja, treni itakuja. Nilijua barafu ni mbaya. Sikutaka kuamka. Lile neno nimelitoa mimi, na sasa nalirudisha. Usingoje tena."

Upepo haukupungua. Jani moja likaingia pale pakavu, likatulia. Kisha jingine. Kisha yakaja yote kwa pamoja, yakapaziba, na mahali pale pakawa lami kama lami nyingine. Na mkono wangu wa kushoto, ule mtupu, ukawa mzito kutoka kwenye kiwiko.

Baridi yake siwezi kuieleza. Haikuwa ya upepo. Ilikuwa kama kushika mfuniko wa kisima asubuhi.

Treni ikasimama. Kondakta akashuka na kigoda chake. Alinitazama mimi, akatazama kando yangu, na uso wake ukalegea kama mtu aliyekuwa na jambo analibeba peke yake. Akatoa mkono kando yangu kwanza. Bega likashuka. Kisha akanipa mimi, nami nikapanda.

Nilimwachia kiti cha dirishani. Kageha alikuwa ameshuka kwenye gari. Alikuwa amekuja mpaka kwenye mstari wa njano, amesimama wima kabisa kama sheria yao inavyotaka, na macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye dirisha, juu kidogo ya kiti kitupu. Mdomo wake ukafanya neno moja. Treni ikaondoka, na mpaka anakuwa mdogo kama msumari hakuyahamisha macho.

Nikaanza kazi yangu. Nikamwambia, tumeiacha Tolliver. Hawa ni ng'ombe wa serikali. Hapa ni College Park, wanafunzi wanashuka. Hapa ni Riverdale. Nilisema kwa sauti ya kawaida, sikunong'ona. Watu walio karibu walihama mmoja mmoja, wengine kwa adabu, wengine bila adabu. Kondakta alipokuja kukagua tiketi alitoboa yangu, akasimama kidogo, akaenda.

Stesheni kubwa ya mjini ndipo nilipokaribia kumpoteza. Kule watu wanatembea kama wanakimbizwa. Tulishuka, nikamwambia tunaelekea kwenye mabasi, kulia. Tulipofika kwenye ngazi za umeme za kushuka chini, mkono wangu ukavutwa kushoto. Si kwa nguvu. Ni vile mtu anavyokuvuta anapokumbuka jambo. Halafu ukawa mwepesi.

Huko kushoto ndiko alikokuwa akishika treni ya pili kwenda kwa yule bibi. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Shifti yake huanza saa tatu.

Nikasimama katikati ya watu, wananigonga mabega, na mkono wangu hauna kitu. Ningeweza kumwambia nimekuombea ruhusa. Lingekuwa neno dogo, la huruma, na ningemwona akirudi. Lakini lingekuwa uongo.

Nikasema, "Adela, hawakungoji. Siku ya tatu walimweka mwingine. Walituma maua na barua, na barua ilikuwa inadai funguo za nyumba yao na lile koti la kazi. Nilivirudisha mimi mwenyewe. Mlango alifungua mama mmoja kama wewe, amevaa koti kama lako, akaniuliza namtafuta nani. Sikutaka ujue."

Mtu wa kufagia, mwanamke wa Kihabeshi, alikuwa amesimamisha ufagio ananitazama. Nikangoja. Watu wengi walitupita, sijui wangapi. Nilifikiri, miaka sita ya kuinua miili ya watu kabla hawajapata chai, na ndivyo unavyoambiwa habari za kufutwa kwako, karibu na duka la donati, na mtu aliyekunyima gari.

Uzito ukarudi polepole. Ulianzia vidoleni. Safari hii ulikuja wote, kama mtu aliyechoka ambaye hatimaye ameruhusiwa kuegemea, na nilitembea nao mpaka kwenye basi nikiyumba upande mmoja.

Naandika haya Dulles, nyuma ya kaunta ya mwisho. Kijana wa kukagua pasipoti aliangalia yangu mbele na nyuma, akaniuliza kama naelewa kwamba nikishatoka siwezi kuingia. Nikamwambia naelewa. Akanirudishia bila kuinua uso. Wao hawainui uso, wapo hivyo.

Ukumbi umejaa. Ndege ya mbele yetu imechelewa na watu wa safari mbili wamerundikana hapa, wengine wamekaa chini kwenye zulia, kina mama na watoto. Kiti cha kulia kwangu hakina mtu. Nimehesabu, mpaka sasa wamekuja saba kukitaka. Wanakuja haraka, wakifurahi kuona nafasi, halafu wakifika hatua mbili wanapunguza, wanaomba radhi, wanageuka. Baba mmoja mnene mwenye mifuko miwili aliinamisha kichwa kabisa, akasema samahani, bibi. Hakuwa anasema na mimi.

Kageha amepiga simu, amefika kwa Waringa. Hakuuliza kama mama yake amekuja. Aliuliza kama amekaa vizuri.

Sasa ninachokihofia ni kingine. Mpaka Nairobi rubani ndiye mwenye kujua njia, na mimi nitakuwa nasema tu nchi kavu, bahari, nchi kavu. Lakini kutoka Kisumu kupanda kwetu ni mimi. Nimekuwa huku miaka kumi na minane. Wameniambia barabara wamezigeuza, daraja tulilovukia tukienda posa halipo, soko wamelihamisha, mahali palipokuwa na miti sasa kuna kituo cha mafuta. Wakubwa wa kule nao hawakutuuliza. Nitafika kwenye njia panda na mke wangu mkononi, na sitajua ni kushoto au kulia, na kubahatisha ni aina ya uongo.

Nimemwambia sasa hivi, kabla hawajatuita. Nimemwambia, mama Kageha, huko mbele sipajui tena. Tutasimama, tutauliza watu.